Kubadilisha Kinga ya Kifyatulio na Mshikio wa Shotgun: Mambo ya Kuzingatia kwa Wamiliki wa Silaha Mkoani Ruvuma

SONGEA

Bunduki inapoanguka kutoka kwenye pikipiki, au inapoegemezwa vibaya kwenye ukuta wa ghala, sehemu mbili ndizo huumia kabla ya nyingine: kinga ya kifyatulio na shingo ya kitako. Kinga ni ule utepe wa chuma au plastiki ngumu unaozunguka kifyatulio ili kidole, kamba au kijiti kisikiguse bila kukusudia. Shingo ni sehemu nyembamba ya kitako ambayo mkono huishika wakati wa kulenga, na katika baadhi ya bunduki za kisasa nafasi yake huchukuliwa na mshikio unaofanana na ule wa bastola. Kwa kuwa sehemu hizi huonekana kuwa za nje tu, wamiliki wengi hudhani kuwa kuzitengeneza ni kazi ya seremala na mchomeleaji. Dhana hiyo ina hatari mbili. Moja ni ya mlipuko usiotarajiwa, na nyingine ni ya kisheria, kwa sababu katika baadhi ya bunduki kinga ya kifyatulio ndiyo yenye namba ya silaha.

Suala hili lina uzito wa pekee katika Mkoa wa Ruvuma. Shotgun, yaani bunduki inayotawanya marisau badala ya kurusha risasi moja, hutumiwa na walinzi wa makampuni binafsi mjini Songea, na wakulima wenye leseni wanaolinda mashamba dhidi ya nguruwe pori na ngedere, pamoja na wawindaji. Mashariki ya mkoa, katika wilaya za Namtumbo na Tunduru, ziko jumuiya za hifadhi ya wanyamapori kama Mbarang'andu na Nalika, ndani ya ushoroba unaounganisha Selous na Niassa nchini Msumbiji. Vijiji vya huko huishi jirani na tembo, na askari wanyamapori wa vijiji hupata mafunzo katika chuo cha uhifadhi kilichopo Likuyu Sekamaganga, wilayani Namtumbo. Katika mazingira hayo bunduki hubebwa vichakani, hunyeshewa na hufungwa nyuma ya pikipiki kwenye barabara za vumbi. Kinga iliyopinda au kitako kilichofungwa kwa mpira wa tairi si jambo la kushangaza.

Namba ya silaha kwanza

Kabla ya kuuliza bei ya kipuri, mmiliki anapaswa kujua namba ya bunduki yake imechongwa wapi. Katika shotgun za pampu, namba huwekwa kwenye kasha la mtambo, yaani kile kiini cha chuma ambacho mtutu na kitako huungana nacho. Hapo kubadilisha kinga au mshikio hakugusi utambulisho wa silaha.

Hali ni tofauti kwa bunduki za zamani za mitutu miwili zilizotengenezwa Uingereza. Mafundi wa nchi hiyo walikuwa na desturi ya kuchonga namba kwenye mkia wa kinga ya kifyatulio, ile sehemu ndefu inayolala chini ya shingo ya kitako, mbali na kuirudia mahali pengine kwenye mitutu na kwenye bamba la mtambo. Bunduki za aina hiyo ziliingia nchini wakati wa ukoloni, na baadhi zimekuwa zikirithiwa kwa kufuata taratibu za leseni. Mmiliki wa bunduki kama hiyo akiondoa kinga iliyovunjika na kuweka mpya isiyo na namba, anakuwa ameondoa alama ambayo askari huiangalia kwanza anapohakiki silaha. Akiichomelea ile ya zamani na kuisaga kwa tupa ili ing'ae, anaweza kuifuta kabisa. Nia yake ilikuwa kutengeneza, lakini silaha yenye alama iliyofutwa huzua maswali ambayo ni vigumu kuyajibu mbele ya polisi.

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1991, imejengwa juu ya alama hizi, kwa kuwa leseni hutolewa kwa mtu fulani juu ya silaha fulani yenye namba fulani. Msimamo huo ni wa kimataifa pia. Itifaki ya Umoja wa Mataifa kuhusu silaha, iliyopitishwa mwaka 2001, na Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 iliyotiwa saini na nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, zote zinazitaka nchi wanachama kuweka alama kwenye silaha ili ziweze kufuatiliwa.

Hatua salama kwa mmiliki ni kufika kwenye ofisi ya Mkuu wa Polisi wa Wilaya akiwa na leseni yake, aeleze sehemu iliyoharibika na aombe maelekezo kabla ya kazi kuanza. Kama kinga ya zamani ina namba, aeleze hilo wazi na aitunze kinga hiyo hata baada ya mpya kufungwa. Kuhusu kuagiza vipuri kutoka nje ya nchi, aulize kwanza iwapo kibali kinahitajika, asisubiri kifurushi kizuiwe forodhani.

Kinga inayolingana na bunduki

Hakuna kinga moja inayofaa kila shotgun. Katika bunduki ya mitutu miwili inayokunjika katikati, kinga huwa ni kipande chembamba cha chuma kilichopindwa, ambacho mara nyingi ncha yake ya mbele hushika kwenye bamba la chini la mtambo na mkia wake hufungwa kwa skrubu za mbao kwenye shingo ya kitako. Katika nyingi ya bunduki hizi mkia huo huifunika skrubu inayoshikilia kitako chenyewe. Kwa sababu hiyo kitako hakiwezi kutolewa kabla ya kinga, na kinga iliyofungwa kwa nguvu mahali isipokaa sawa hulivuta bamba la mtambo na kubadilisha mwachano kati ya kifyatulio na sehemu kinachoisukuma. Hapo ndipo bunduki huanza kufyatuka kwa kuguswa kidogo tu.

Shotgun ya mtutu mmoja ina mambo yake. Greener, iliyotengenezwa Birmingham kwa mtambo wa Martini na ambayo imetumika sana kwa ulinzi katika makoloni ya Uingereza, ina mkono wa kufungulia chemba ulio nyuma ya kinga. Baikal ya mtutu mmoja kutoka Izhevsk, Urusi, nayo ina wenzo wa kufungulia unaokaa nyuma ya kinga. Katika bunduki hizi kinga pana kupita kiasi, au iliyotengenezwa kwa kukisia, hugongana na wenzo huo. Matokeo yake ni bunduki isiyofunga vizuri au inayofunguka yenyewe.

Kwa shotgun za pampu, neno kinga linaweza kumpotosha mnunuzi. Katika Remington 870 na Mossberg 500, kinga ni sehemu ya nyumba inayobeba mtambo mzima wa kufyatulia: kifyatulio, nyundo, springi na ndoana inayoizuia nyundo. Nyumba hiyo hushikwa na pini mbili katika Remington 870 na pini moja katika Mossberg 500. Anayenunua kinga tupu kwa sababu ni nafuu analazimika kuhamisha kila springi na kila pini kutoka nyumba ya zamani, kazi ambayo haifai kufanywa mezani nyumbani. Ni afadhali kulipa zaidi na kupata nyumba iliyokamilika kutoka kwa mtengenezaji yuleyule, kisha kumwachia fundi wa silaha mwenye leseni aifunge.

Kuhusu malighafi, chaguo ni kati ya chuma, aluminiamu na plastiki ngumu. Mossberg 500 ya kawaida huja na nyumba ya plastiki, wakati 590A1, iliyokusudiwa kwa matumizi mazito, ina ya chuma chepesi. Plastiki haipati kutu, sifa inayofaa katika masika ya Songea, lakini ikipasuka haiungwi kwa gundi wala kwa moto. Aluminiamu haishiki kutu kama chuma, ila nyuzi za skrubu zake huchakaa upesi zikikazwa kupita kiasi. Chuma hudumu kuliko vyote kama mmiliki ana mazoea ya kukifuta jasho na kukipaka mafuta. Asiye na mazoea hayo, na ni wengi, atafaidika zaidi na aluminiamu.

Watengenezaji wengine huuza kinga zenye nafasi kubwa kwa ajili ya wavaa glavu nzito za nchi za baridi. Hapa nafasi hiyo haina faida yoyote, na vichakani huongeza uwezekano wa kijiti kuingia na kugusa kifyatulio. Ikumbukwe pia kwamba katika shotgun nyingi kitufe cha usalama huzuia kifyatulio peke yake, hakiizuii nyundo. Bunduki yenye risasi chemba ikianguka kwa kishindo inaweza kulipuka hata kinga ikiwa nzima na kitufe kikiwa kimefungwa.

Mshikio na urefu wa kitako

Makosa mengi hutokea kwenye mshikio, kwa sababu hapo mtu hununua kwa macho. Mshikio wa mtindo wa bastola usio na kitako hupendwa kwa kuwa huifanya bunduki iwe fupi na yenye sura ya kutisha. Kwa shotgun ya kaliba 12 chaguo hilo ni baya. Msukumo wa nyuma ambao kitako huupeleka begani huishia kwenye kifundo cha mkono, na kulenga kwa jicho huwa karibu haiwezekani. Mlinzi wa usiku mwenye bunduki ya namna hiyo ni hatari kwa wapita njia kuliko kwa mwizi. Zaidi ya hayo, urefu wa silaha hubadilika na kuwa tofauti na ule uliokaguliwa wakati wa kutoa leseni.

Mshikio wa bastola ulio pamoja na kitako kamili ni jambo jingine, na hapo aina ya bunduki ndiyo huamua. Katika Remington 870 kitufe cha usalama kiko nyuma ya kifyatulio, ndani ya eneo la kinga, hivyo kidole hukifikia bila shida hata mkono ukiwa kwenye mshikio wa wima. Katika Mossberg 500 kitufe kiko juu, mwishoni mwa kasha la mtambo, mahali ambapo dole gumba hukifikia kwa urahisi pale tu shingo ya kitako inapokuwa ya kawaida. Akiweka mshikio wa bastola, mtumiaji hulazimika kuachia mkono ili akifikie. Wauzaji hawaelezi tofauti hii, na matokeo ni watu kutembea na kitufe kikiwa wazi muda wote.

Bunduki za mitutu miwili zenye vifyatulio viwili zilipewa shingo iliyonyooka kwa sababu maalumu: mkono hurudi nyuma kidogo kutoka kifyatulio cha mbele hadi cha pili. Shingo iliyopinda sana huuzuia mkono huo. Anayebadilisha kitako cha bunduki ya aina hiyo aiombe shingo iliyonyooka, au iliyopinda kidogo tu.

Urefu wa kitako hupimwa kutoka kwenye kifyatulio hadi katikati ya mwisho wa kitako, na vitako vingi vya kiwandani huwa na takriban sentimita 35 hadi 37. Mtu mfupi akitumia kitako kirefu hukiweka mkononi badala ya begani, na huumia. Kwa kuwa kupunguza ni rahisi kuliko kurefusha, kipimo kichukuliwe mtumiaji akiwa amevaa nguo zake za kawaida za kazi.

Mbao za Ruvuma na fundi wa kuzifanyia kazi

Songea iko zaidi ya kilomita 900 kwa barabara kutoka Dar es Salaam, na kipuri cha kiwandani huchelewa. Ndiyo maana kitako kipya cha mbao hubaki kuwa suluhisho la wengi, na kwa hili mkoa umebarikiwa. Mninga unaoota katika misitu ya miombo ni mti unaotulia ukikauka, haupindi ovyo, na uzito wake unakaribia ule wa mbao za jozi zinazotumiwa na watengenezaji wa Ulaya. Mpingo ni mgumu na mzuri, lakini ni mzito mno kwa kitako kizima. Msindano hupasuka kwenye shingo baada ya milipuko michache.

Mbao iwe imekauka sawasawa, na nyuzi zake zipite kwa urefu wa shingo, zisiikate kwa mshazari, kwa kuwa hapo ndipo kitako huvunjikia. Kitako cha mbao mbichi kilichofungwa wakati wa mvua husinyaa kiangazi na skrubu zote hulegea, pamoja na zile za kinga.

Seremala asiye na leseni ya silaha asikabidhiwe bunduki. Fundi wa silaha ndiye anayetoa kitako cha zamani na kumpelekea seremala kipande cha mbao peke yake kama kielelezo, kisha ndiye anayekifunga kipya.

Utaratibu huu hauhusu magobore yasiyosajiliwa, ambayo kinga yake mara nyingi ni kipande cha nondo kilichopindwa, au haipo kabisa. Silaha hizo hazina kipuri halali. Mwenye nalo alisalimishe polisi, na njia bora ni kutumia vipindi vya usalimishaji wa hiari ambavyo Serikali huvitangaza.

Ukaguzi kabla ya kutumia

Baada ya kazi kukamilika, bunduki ikaguliwe ikiwa tupu, mtutu ukielekezwa mahali salama. Kifyatulio kirudi chenyewe kikiachiwa, kisiguse ukuta wa kinga upande wowote. Kitufe cha usalama kifunge na kufunguka kwa mlio uleule wa awali, na kikiwa kimefungwa kifyatulio kisisogee. Bunduki ya kukunja ifunguliwe na kufungwa mara kadhaa ili kuona kama wenzo unagusa kinga. Fundi atumie risasi bandia zisizo na baruti kuhakikisha kuwa mtambo unalisha na kutoa. Milipuko ya kwanza ifanyike katika eneo la shabaha linaloruhusiwa, kwa risasi moja moja, na baada ya kila moja skrubu za kinga na shingo ya kitako zitazamwe upya.

Kinga ya zamani yenye namba ihifadhiwe pamoja na leseni, ikiwa imefungwa kwenye kitambaa chenye mafuta, na ipelekwe polisi kila bunduki inapoitwa kwa uhakiki.