Kitabu Kimfuate Msomaji

Mtoto wa Jabe akiisha kutoka shuleni, na moyo wake ukatamani kusoma, asome nini, na akae wapi? Nyumbani vyumba ni vichache na watu ni wengi. Na mama yake, aliyejifunza kusoma ukubwani, apate wapi maandishi ya kumzuia asisahau alichojifunza kwa taabu? Ujuzi wa kusoma ni kama jembe: lisipolimiwa huliwa na kutu. Hasara hiyo haipimwi kwa mizani ya sokoni, lakini taifa zima huilipa.

Swali hili si geni. Nchi za Afrika ya Mashariki zimelijibu kwa njia mbalimbali tangu zamani za ukoloni, na majibu hayo yanafaa kutazamwa leo na sisi tunaokaa katika mtaa huu, majirani wa Bwiza na Buyenzi.

Na tuanze Nairobi. Mwaka 1931 ilifunguliwa huko maktaba ya McMillan, jengo la fahari lenye nguzo za mawe na sanamu za simba mlangoni, lililojengwa kwa ukumbusho wa tajiri mmoja mzaliwa wa Marekani. Vitabu vilikuwamo tele. Lakini kwa muda wa zaidi ya miaka 25 ruhusa ya kuingia ilikuwa ya Wazungu peke yao, na vizuizi hivyo havikuondolewa mpaka mwaka 1958. Mwafrika aliyefagia barabara ya mbele aliweza kuwatazama wale simba, asiweze kukifunua kitabu hata kimoja. Hapo tunapata somo la kwanza: wingi wa vitabu si kitu, ikiwa mlango haumjui mwananchi.

Wakati mlango huo ungali umefungwa, kazi ya namna nyingine ilianza katika mji uo huo. Mwaka 1948 liliundwa shirika la vitabu lililoitwa East African Literature Bureau, kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Pamoja na kuchapisha vitabu katika lugha za wenyeji, shirika hilo lilipeleka masanduku ya vitabu mahali pasipokuwa na maktaba, na kuwaazimisha wasomaji wa mbali kwa njia ya posta. Sanduku halikuhitaji nguzo za mawe. Lilihitaji mtu mwaminifu wa kulitunza, daftari la kuandika majina ya walioazima, na siku ya kubadilishana na sanduku jingine.

Shirika hilo liliwaamsha waandishi pia. Katika shindano lake la hadithi za Kiswahili la mwaka 1957 na 1958, ushindi ulimwendea Muhammed Said Abdulla wa Unguja kwa hadithi yake "Mzimu wa Watu wa Kale", iliyotolewa kuwa kitabu mwaka 1960. Ni dhahiri basi kwamba msomaji na mwandishi hulelewa pamoja. Mmoja akikosa chakula, mwenziwe hudhoofika.

Ulimwengu nao ulikuwa ukisema maneno ya namna hiyo. Mwaka 1949 UNESCO ilitoa tamko kuhusu maktaba za umma, ikieleza kwamba ziwe wazi kwa watu wote kwa usawa, bila malipo. Baada ya uhuru Tanganyika ililifanya wazo hilo kuwa sheria mwaka 1963, kwa kuunda bodi ya kuendesha maktaba za nchi nzima. Mwezi wa Desemba 1967 Rais Julius Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa mjini Dar es Salaam, na matawi yakaenea katika miji kama Mwanza, Tanga, Arusha na Iringa.

Lakini jambo kubwa zaidi lilitendeka vijijini. Mwaka 1967 karibu watu wazima 7 katika kila 10 nchini Tanzania walikuwa hawajui kusoma wala kuandika. Kampeni ya kisomo ikaanzishwa, na watu wakajifunza herufi kwa maneno ya kazi zao wenyewe: pamba, ndizi, samaki. Kufika mwaka 1986, takwimu za serikali zilionyesha kwamba wasiojua kusoma wamebaki karibu 1 tu katika kila 10. Viongozi walitambua kwamba aliyehitimu kisomo asipopata cha kusoma atarudi alikotoka. Kwa sababu hiyo zilianzishwa maktaba za vijiji na magazeti ya vijijini yenye lugha nyepesi.

Hata hivyo ukweli usemwe wote. Vita dhidi ya Idi Amin vya mwaka 1978 na 1979, bei ya mafuta iliyopanda na uhaba wa fedha za kigeni viliidhoofisha kazi hiyo. Karatasi iliadimika. Maktaba nyingi za vijiji zilibaki na vitabu vile vile vilivyokwisha kusomwa mara nyingi, na wasomaji wakapungua. Hili ndilo somo la pili: sanduku lisilobadilishwa hugeuka jeneza la vitabu.

Na sisi Burundi? Mwaka 1972 UNESCO iliutangaza kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Kitabu. Kwetu mwaka huo huo ulikuwa mwaka wa msiba mkuu. Miongoni mwa maelfu kwa maelfu waliouawa walikuwamo waalimu na wanafunzi, watu ambao elimu yao ndiyo iliyowaponza. Padri Michel Kayoya, mshairi na mwandishi, aliuawa Gitega mwezi wa Mei. Baada ya hapo wazazi wengi waliogopa kuwapeleka watoto wao shuleni. Taifa lililowahi kuona kalamu ikimletea mtu kifo halina budi kuhakikisha kwamba kila mtoto anaiona kalamu ikimletea uzima. Vitabu vya Kayoya vimebaki; wajibu wetu ni kuvisoma.

Tangu miaka ile juhudi zimekuwapo. Vituo vya kusoma na shughuli za utamaduni, vilivyobuniwa na jumuiya ya nchi zinazotumia Kifaransa katika miaka ya 1980, vilifika nchini kwetu pia. Mwaka 2007 Burundi iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Kiswahili kikaingizwa katika masomo ya shule za msingi. Mtoto wa Jabe, anayekisikia Kiswahili kila siku sokoni, sasa anakikuta darasani. Kilichobaki ni kukikuta kitabuni.

Hatuna haja ya kungojea jengo kubwa. Kenya, mwaka 1996, ilianza kuwapelekea wafugaji wa Garissa vitabu juu ya migongo ya ngamia. Jabe haihitaji ngamia. Shule, msikiti, kanisa na nyumba ya mtu mwema viko mwendo wa dakika chache. Kabati moja lenye kufuli, mtunzaji mmoja na daftari moja vyatosha kuanzia.

Na rafu za kabati hilo zigawanywe kwa umri. Watoto wadogo wawekewe visa vya Samandari wa Kirundi na Abunuwasi wa Kiswahili, na siku moja katika juma mtu mzima awasomee kwa sauti. Vijana wapewe huyo Muhammed Said Abdulla, na pia "Kusadikika" ya Shaaban Robert, kitabu kidogo cha mwaka 1951 kinachosimulia mtu aliyeshitakiwa kwa kutaka kufundisha sheria, akajitetea kwa hoja. Wakubwa wasome "Juliasi Kaizari", mchezo wa Shakespeare alioutafsiri Nyerere mwaka 1963, waone jinsi umati unavyogeuzwa kwa maneno matamu. Akina mama waliohitimu kisomo wapate vitabu vyepesi vya afya, kilimo na biashara. Na wazee wetu, ambao macho yao yamechoka, wasomewe gazeti, nao kwa zamu yao wasimulie habari za Buyenzi na Bwiza za zamani, na vijana waziandike. Hivyo kabati lile litazaa kitabu chake lenyewe.

Lakini masharti mawili yashikwe. Mlango usimbague mtu kwa kabila, dini, umri wala mfuko wake. Na vitabu visikae. Vibadilishwe kati ya mtaa na mtaa, Jabe na Buyenzi, Buyenzi na Bwiza.

Ndugu wasikilizaji, mwenye kitabu alichokwisha kukisoma, kimelala nyumbani kwake kikila vumbi, na akitoe. Kuna mtoto anayekingojea.