Mbili na Tatu: Midundo ya Buha na Bendi Kubwa za Jazi

Bendi kubwa ya jazi, kama ilivyojengeka Marekani kati ya miaka ya 1920 na 1940, ni kundi la wanamuziki wapatao 15 hadi 20 waliogawanywa katika safu za tarumbeta, tromboni na saksafoni, huku piano, gitaa, besi na ngoma zikishika msingi, na kwa miaka mingi msingi huo ulisimama juu ya kipimo cha mapigo manne, yaani mzunguko mfupi unaohesabiwa moja hadi nne kisha ukaanza upya. Kipimo hicho kiliwafaa wachezaji wa dansi, na wakuu wa bendi waliothubutu kukiacha walikuwa wachache. Anayetajwa zaidi miongoni mwao ni Don Ellis (1934–1978), mpiga tarumbeta wa Los Angeles aliyejifunza hesabu za mdundo wa Kihindi kwa mwanamuziki Hari Har Rao, na ambaye mwaka 1966 alipanda jukwaa la tamasha la Monterey akiwa na bendi yenye wapiga besi watatu na wapiga ngoma kadhaa. Santuri yake iitwayo Electric Bath, ya mwaka 1967, ina vipande vyenye mapigo 5, 7 na hata 17 katika mzunguko mmoja, na kipande chake kingine cha mapigo 19 kilipewa jina linaloonyesha mgawanyo wenyewe: 3 3 2 2 2 1 2 2 2.

Mgawanyo huo ndio ufunguo wa kazi yake yote. Hakuna mwanamuziki anayehesabu hadi 19 akiwa anapiga. Anachokifanya ni kupanga mafungu madogo, mengi yake ya mawili na matatu, na mguu wake hukanyaga mwanzo wa kila fungu, kwa hiyo hatua moja huwa fupi na nyingine ndefu. Vitabu vya jazi vinaueleza ugunduzi huu kama kazi ya kalamu na karatasi, na kwa upande wa Ellis maelezo hayo ni ya haki. Lakini kusuka mbili na tatu ni elimu ya kale katika sehemu kubwa ya Afrika, na mtu anayeitazama historia ya bendi kubwa akiwa katika vilima vya Kasulu na Kibondo ataiona kwa mpangilio tofauti: kilichohesabiwa kuwa majaribio huko California kilikuwa jambo la kawaida katika ngoma, na ujasiri wa kweli kwa mkuu wa bendi wa Tanzania ungekuwa kuifungulia ngoma hiyo mlango wa kuingia katika gitaa na saksafoni.

Wilaya za Kasulu na Kibondo zimekaa katika nyanda za juu za mkoa wa Kigoma, nchi ya vilima na mabonde inayoitwa Buha, kaskazini mashariki ya Ziwa Tanganyika na mpakani mwa Burundi. Kabla ya machifu kuondolewa madarakani mwaka 1963, Waha, wenyeji wa Buha, waliishi chini ya tawala kadhaa, kila moja ikiwa na mwami wake, yaani mtawala; utawala wa Heru ulikuwa upande wa Kasulu na ule wa Muhambwe upande wa Kibondo. Kiha ni ndugu wa karibu wa Kirundi, watu na ng'ombe wamevuka mpaka huo tangu zamani, na katika tawala zote za Maziwa Makuu ngoma haikuwa chombo cha burudani tu bali kielelezo cha utawala wenyewe, chenye watunzaji wake na miiko yake.

Utaratibu wa ngoma za kifalme unafahamika zaidi kwa upande wa Burundi, hasa katika kilima cha Gishora karibu na Gitega, na unastahili kuelezwa kwa kina kwa sababu unagusa moja kwa moja suala la bendi kubwa. Kila ngoma huchongwa kutoka katika kipande kimoja cha gogo kilichotobolewa ndani, ikawambwa ngozi ya ng'ombe inayoshikiliwa na vigingi vya mti, na hupigwa kwa fimbo mbili ziitwazo imirisho. Ngoma hizo, ambazo kwa kawaida hufikia kumi au zaidi na idadi yake huwa witiri, hupangwa nusu duara kuizunguka moja iliyo katikati, iitwayo inkiranya, na nyingine zote zina kazi mbili tofauti. Zile ziitwazo amashakwe hushika pigo lisilokatika tangu mwanzo hadi mwisho, nazo ibishikizo huitazama na kuifuata inkiranya, zikigeuza mdundo kila inapogeuza. Wapigaji hupokezana nafasi ya katikati: anayeingia hucheza kwanza, huruka, kisha hushika fimbo na kuongoza, na wenzake lazima wamwelewe papo hapo kwa sababu hakuna karatasi ya kuwaongoza. Mwaka 2014 UNESCO iliiandikisha sanaa hiyo katika orodha ya urithi wa binadamu usioshikika.

Kwa macho ya mpangaji wa muziki, kundi hilo ni bendi kubwa iliyokamilika, kwani lina safu inayolinda mwendo, safu inayojibu, na kiongozi anayetunga akiwa mbele ya hadhira. Tofauti yake na bendi ya Los Angeles ni kwamba madaraka ya kubadili mdundo yamo mikononi mwa ngoma, wala si mwa tarumbeta. Ikumbukwe pia kwamba katika ngoma nyingi za Afrika ya Mashariki mzunguko huwa na mapigo madogo 12, ambayo yanaweza kugawanywa mara nne kwa matatu au mara sita kwa mawili, na hesabu hizo mbili huenda pamoja, mikono ikifuata moja na miguu nyingine.

Je, elimu hii ilifika wapi katika bendi za dansi za Tanzania zilizojiita jazi? Bendi hizo zilianza mapema: Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932 na Morogoro Jazz Band mwaka 1944. Ingawa zilibeba jina la jazi, hazikupiga muziki wa bendi kubwa za Marekani kama ile ya Duke Ellington. Zilijifunza zaidi rumba na chacha kutoka katika santuri za Cuba. Nazo zilifuata reli, kwa sababu bendi yenye vyombo vya shaba na magitaa ya umeme ilihitaji ukumbi, wacheza dansi wenye mishahara na mwajiri wa kuinunulia ala. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914 lakini ilipita kusini, mbali na vilima vya Buha, na kwa hiyo Kasulu na Kibondo zilibaki nchi ya kutoa watu. Maelfu ya Waha walichukuliwa kwa mkataba kwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro. Waliitwa manamba, na kuanzia mwaka 1944 uandikishaji wao uliendeshwa na SILABU, ofisi ya wenye mashamba ya mkonge. Vijana wa vilimani walikutana na dansi wakiwa safarini, katika miji kama Tabora, ambako Kiko Kids ya Salum Zahoro, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz zilishindania mashabiki. Kigoma nayo ilikuwa na Lake Tanganyika Jazz, iliyomlea Shem Karenga, mzaliwa wa mkoa huo, kabla hajahamia Tabora Jazz na kujulikana nchi nzima kwa wimbo wa Dada Asha.

Rumba yenyewe haikuwa ngeni kama ilivyodhaniwa. Mhimili wake ni mapigo matano ya vijiti yanayotandazwa juu ya mapigo madogo 16, yakiachana kwa nafasi za 3, 3, 4, 2 na 4, na asili ya mpangilio huo ni Waafrika waliopelekwa utumwani Cuba. Ndani ya kipimo cha mapigo manne, basi, tatu zilikuwa zimejificha, na huenda ndiyo sababu masikio ya Tabora na Morogoro yaliipokea haraka hivyo.

Kila bendi ilikuwa na mtindo, yaani jina la mdundo na uchezaji uliokuwa alama yake: Western Jazz ilikuwa na Saboso, Tabora Jazz ilikuwa na Segere Matata, na Nuta Jazz ilikuwa na Msondo. Mitindo hiyo ilikuwa uwanja halisi wa majaribio, na ni kosa kuichukulia kama matangazo ya biashara, kwani ndani yake mpiga besi na mpiga tumba waliruhusiwa kuitoa rumba katika njia yake ya Havana. Hata hivyo msingi wa mapigo manne haukuvunjwa mara nyingi. Patrick Balisidya, mkuu wa Afro 70 aliyetoka Mvumi katika nchi ya Wagogo na kuiwakilisha Tanzania katika tamasha la FESTAC huko Lagos mwaka 1977, ni miongoni mwa waliokuja na masikio yaliyofunzwa na ngoma za nyumbani. Inaelekea Buha haikupata mtu wa namna hiyo katika bendi kubwa za taifa, na hasara hiyo ni ya muziki wa dansi wote, kwa kuwa ulikosa safu za ngoma zinazojua kumfuata kiongozi katika mabadiliko magumu.

Jaribio kubwa la kukutanisha bendi kubwa na midundo ya Afrika kwa jina la Kiswahili lilifanyika New York. Novemba 1960, mwaka mmoja kabla ya uhuru wa Tanganyika, mpiga piano Randy Weston (1926–2018) alirekodi Uhuru Afrika, kazi ya sehemu nne iliyopangwa na mpiga tromboni Melba Liston, ikiwa na maneno ya mshairi Langston Hughes. Utangulizi wake ulisomwa kwa Kiswahili na Mtanganyika Tuntemeke Sanga, na sehemu ya mwisho iliitwa Kucheza Blues. Wapiga ngoma hawakuwekwa nyuma kama pambo: Babatunde Olatunji wa Nigeria alikaa pamoja na Candido na Armando Peraza wa Cuba na Max Roach wa Marekani, na Liston aliandika safu za shaba zikiitikia ngoma badala ya kuzitawala. Serikali ya kibaguzi ya Afrika Kusini iliipiga marufuku santuri hiyo. Ellis alizidisha ugumu wa hesabu, na kazi yake ingali ya kushangaza. Weston na Liston walibadilisha nani aongoze, na kwa msikilizaji wa Buha badiliko hilo ndilo zito zaidi.

Ngoma za Burundi zenyewe zilisafiri mbali bila bendi. Zilirekodiwa na Wafaransa mwaka 1967, na mwaka 1975 mwimbaji Joni Mitchell aliitumia rekodi hiyo katika wimbo wa The Jungle Line. Kisha vita vilizileta tena vilimani: wakimbizi wa Burundi waliingia Kibondo na Kasulu baada ya mauaji ya Rais Melchior Ndadaye mwaka 1993, na tena kuanzia mwaka 2015, wakakaa katika kambi za Kanembwa, Mtendeli, Nduta na Nyarugusu, ambako vikundi vya wapiga ngoma viliendelea kufunza vijana. Mpangaji anayetaka kuandika kwa ajili ya tarumbeta na tromboni anaweza kuanzia katika mpangilio wa ngoma hizo: tromboni na besi zichukue kazi ya amashakwe na kutoacha pigo lao, saksafoni na tarumbeta ziwe ibishikizo, na inkiranya ibaki ngoma ya gogo, ikiwa mbele ya bendi, mpigaji wake akiwa ndiye mkuu wa bendi.