Mtepe na Siri ya Mwendo Laini
Vyombo vya kushonwa vya pwani ya Afrika Mashariki vilikwisha kutajwa katika mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1. Mtepe wa visiwa vya Lamu ulikuwa wa ukoo huo: mbao zake zilifungwa kwa kamba za usumba, yaani nyuzi za kumbi la nazi, zilizopitishwa kwenye matundu kando ya kila ubao. Wimbi lilipogonga, mishono iliachia kidogo, hivyo ubavu ulipinda badala ya kupasuka, na kishindo cha kupanda mchangani kikasambaa chombo kizima. Hata hivyo, maji yalipenya mishononi na mabaharia wakalazimika kuyafua mara kwa mara, mpaka majahazi ya misumari yalipochukua nafasi yake katika karne ya 20.