Mavi ya Chuma

Neno halina adabu, lakini limelenga shabaha. Wahunzi waliita “mavi ya chuma” uchafu unaojitenga na madini yakiyeyuka tanuruni, na kamusi zikalipokea bila haya. Kwenye karakana za kuchomelea linafaa kuitwa hivyohivyo lile gamba jeusi, gumu na jepesi kuvunjika kama kioo, linaloganda juu ya mshono baada ya unga wa rodi kuyeyuka.

Gamba hilo si adui. Hukinga chuma cha moto dhidi ya hewa mpaka kipoe. Balaa huanza fundi anapopitisha mshono wa pili bila kuligonga kwa nyundo na kusugua kwa brashi ya waya, au anapotumia moto mdogo: uchafu huzikwa ndani. Nje mshono unapendeza. Udhaifu wake hauonekani mpaka ukatwe, upigwe eksirei au upimwe kwa mawimbi ya sauti.

Vitundu kwenye mshono ni kesi nyingine. Huletwa na kutu, rangi, mafuta au rodi iliyopata unyevu, na vikitokeza juu ya mshono huonekana kwa macho. Kuviita navyo mavi ya chuma ni kupotosha, maana vitundu ni gesi iliyokosa pa kutokea.