Rubani wa Mtoa na Meli ya Kigoma

Katika masimulizi ya vita vya 1914–1918 upande huu wa Afrika, rubani Aimé Behaeghe amepewa nafasi ya heshima. Kijana huyo Mbelgiji, mzaliwa wa Kachtem, ndiye anayehesabiwa kuwa wa kwanza kurusha ndege katika Afrika ya Kati, mwezi Mei 1916, kutoka Mtoa, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika kaskazini mwa Kalemie ya leo. Mwezi uliofuata, yeye na mwangalizi wake Collignon walivuka ziwa na kudondosha mabomu juu ya Graf von Götzen, meli kubwa ya Wajerumani, bandarini Kigoma. Wakarudi na habari kwamba meli imepigwa. Sifa ikakua, hata wengine wakasimulia kana kwamba ndege ile ndiyo iliyowanyang'anya Wajerumani ziwa.

Ujasiri wa mtu huyo hatuutilii shaka. Ndege yake aina ya Short ilikuwa ya mbao na kitambaa, ikitua majini kwa maboya. Sisi wa Bunia tunaoyajua mawimbi ya Ziwa Albert pale Kasenyi twaweza kukisia maana ya injini kuzimika katikati ya Tanganyika. Swali letu ni jingine: mabomu yale yalifanya nini?

Hapa ushahidi ni mwembamba. Shahidi mkuu wa pigo hilo ni yule yule anayesifiwa kwa ajili yake, naye aliliona kutoka angani, akiwa anapita kwa haraka. Hatusemi alidanganya. Moshi na maji yanayoruka karibu na meli huweza kumwaminisha mtu mwadilifu kabisa kwamba amelenga sawasawa.

Meli yenyewe yatoa ushahidi wa namna nyingine. Mzinga wake mkubwa, uliotoka katika manowari Königsberg, ulikuwa umekwisha kuondolewa ukatumike nchi kavu, na mahali pake pakawekwa wa bandia, wa mbao. Basi kilichotishia kutoka mbali kilikuwa kimepungukiwa meno kabla ndege haijafika. Tena meli haikuzama siku ya mabomu. Ilizamishwa tarehe 26 Julai 1916 na Wajerumani wenyewe, baada ya mafundi kuzipaka injini grisi nzito zisiharibike, kwa matumaini ya kurudi. Waingereza walipoiinua mwaka 1924 walikuta injini na mabirika ya mvuke vingali vyafaa, na mwaka 1927 ikarejea kazini kwa jina la Liemba. Labda bomu moja liligusa sitaha; hilo halikanushwi na chombo kuinuliwa kikiwa kizima. Lakini meli iliyopata jeraha la kufisha haipakwi grisi.

Kwa nini basi waliizamisha? Jibu tunalipata barabarani, wala si angani. Brigedi ya Kusini ya Force Publique, chini ya Kanali Olsen, ilikuwa imeingia Usumbura mwezi Juni, ikazidi kushuka kuelekea kusini. Tarehe 28 Julai, siku mbili tu baada ya meli kuzamishwa, Kigoma ilikuwa mikononi mwake. Askari wale walikuwa Wakongo kwa maelfu, nyuma yao wapagazi wenye mizigo vichwani, na wengi wao hawakurudi makwao. Kwa maoni yetu, miguu yao ndiyo iliyoiondoa Götzen ziwani. Masimulizi yakachagua rubani, kwa kuwa rubani ana jina moja na picha moja, na msafara wa wapagazi ni mgumu kuusimulia.

Behaeghe mwenyewe hakupata muda wa kuikuza wala kuipunguza habari yake. Alifariki Niemba, magharibi mwa Kalemie, tarehe 3 Desemba 1916, akiwa na umri wa miaka 26.