Vihamba vya Uchaggani na Maji Yaliyopandishwa Mgongoni

Mwaka 1884 Mwingereza Harry Johnston alikaa miezi kadhaa kwenye miteremko ya Kilimanjaro, katika himaya ya Mangi (chifu) Rindi wa Moshi, ambaye wageni wengi walimwita Mandara. Kitabu chake kilichotoka 1886 kimejaa sifa za migomba, mashamba na mifereji iliyokatiza vilima. Hakuwa wa kwanza kustaajabu. Johannes Rebmann alifika Uchaggani mwaka 1848, na Charles New mwaka 1871, na wote walitokea pwani kwa kupita nyika ya Taru, ambako msafara ungeweza kutembea siku nzima bila kuona maji. Mtu aliyetoka huko, akaingia ghafla kwenye kivuli cha migomba, aliona bustani ambayo mlima wenyewe umeiotesha.

Wenyeji, yaani Wachagga, walijua kwamba mlima hautoi kirahisi namna hiyo. Mvua za masika hunyesha kuanzia Machi hadi Mei, vuli ni fupi, na kati ya Juni na Oktoba maeneo ya chini hupitisha miezi bila mvua ya kutegemewa. Mito ipo mwaka mzima, lakini imechimba makorongo marefu. Nyumba ziko juu, kwenye migongo ya ardhi iliyo kati ya korongo na korongo. Mtu anaweza kusikia mto ukinguruma chini ya shamba lake na asipate tone la kumwagilia.

Jibu la Wachagga lilikuwa mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia. Ili maji yafike juu ya mgongo, banio lazima liwekwe mbali kule juu, mara nyingi msituni, mahali ambapo mto bado uko juu kuliko shamba linalokusudiwa. Hapo mto ulizibwa kwa mawe, matawi, majani na udongo, kisha mfereji ukachimbwa kandokando ya ukuta wa korongo, ukishuka taratibu kuliko mto wenyewe, hadi utokeze mgongoni. Ukizidi mteremko, maji yatakula kingo. Ukipungua, yatatuama na mfereji utajaa tope. Kazi hii ilifanywa kwa jembe na jicho, bila vifaa vya upimaji, na pale palipokuwa na bonde dogo maji yalivushwa kwa magogo yaliyochongwa katikati. Mifongo ya namna hiyo ilifikia mamia, na baadhi ilikuwa na urefu wa kilomita kadhaa.

Mfongo ulikuwa na wenyewe. Ukoo wa aliyeuchimba ndio uliotoa msimamizi, na aliyetaka maji alipaswa kuonekana siku za kazi. Mmisionari Mlutheri Bruno Gutmann, aliyeishi na Wachagga kwa miongo kadhaa na kuandika kitabu kikubwa kuhusu sheria zao mwaka 1926, aliona jinsi maji yalivyofungamana na ukoo na sadaka za mizimu. Baada ya masika, mvua zilipobomoa mabanio, watu waliitwa kwenda kuyajenga upya na kuondoa tope. Mtegaji wa kazi alitozwa faini. Zamu ziligawanywa kwa siku na kwa sehemu za siku, na maji ya usiku yalikusanywa kwenye nduwa, yaani bwawa dogo la udongo, ili yatumike kulipokucha.

Zamu ikifika, mwenye shamba huenda na jembe hadi kwenye tawi la mfereji, hung'oa kizibo cha udongo na magome ya migomba, huziba upande wa jirani, kisha huyakimbilia maji yake. Huyaelekeza shina kwa shina, akifungua hapa na kufunga pale. Muda ukiisha, jirani huwa ameshafika na jembe lake.

Kihamba, yaani shamba linalozunguka nyumba, kilichonyweshwa hivyo ndicho kilichowapendeza wageni. Juu kabisa kuna miti mirefu kama mringaringa na mruka, iliyoachwa kwa ajili ya kivuli, mbao na majani. Chini yake migomba, ya kupika, ya kuiva na ya kutengenezea mbege, pombe ya ndizi na ulezi. Chini ya migomba kuna mibuni, na chini ya mibuni magimbi, maharage na mboga. Viazi vikuu hupanda kwenye miti. Ng'ombe hatolewi kwenda malishoni: zamani alilala ndani ya nyumba pamoja na wenye nyumba, akaletewa majani ya migomba na nyasi ambazo wanawake walizibeba kutoka tambarare, na samadi yake ikarudi kwenye mashina. Mpaka ulipandwa masale, mmea ambao pia hupelekwa kwa mtu anayeombwa msamaha.

Mibuni ni migeni katika mpangilio huo. Mapadre wa misheni ya Kilema waliipanda mwishoni mwa karne ya 19, na wenyeji wakaichomeka chini ya migomba bila kuvunja chochote. Mwaka 1925 wakulima wa kahawa waliunda chama chao, KNPA, Joseph Merinyo akiwa miongoni mwa viongozi wake, na mwaka 1933 nafasi ya chama hicho ikachukuliwa na chama cha ushirika cha KNCU. Fedha ya kahawa ilijenga shule na nyumba za bati. Lakini kilimo cha ulezi wa mbege, kilichomwagiliwa kiangazi na kuwa moja ya sababu kubwa za kutunza mifongo, kilipungua, na sababu hiyo ikapungua nacho.

Sifa ziliendelea, safari hii kutoka vyuoni. Mwaka 1984 watafiti Fernandes, O'Kting'ati na Maghembe walichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba kihamba cha wastani kilikuwa na ukubwa wa hekta 0.68, na kwamba vihamba vilikuwa na aina zaidi ya 100 za mimea. Mwaka 2006 Andreas Hemp alihesabu zaidi ya 500 katika ukanda mzima wa migomba, nyingi zikiwa zimejiotea zenyewe.

Wakati hesabu hizo zikifanywa, msingi ulikuwa unalegea. Kihamba hugawanywa kwa watoto wa kiume, na baada ya vizazi vichache kinabaki kipande. Bei ya kahawa ilianguka baada ya mfumo wa kimataifa wa viwango vya mauzo kuvunjika mwaka 1989. Barafu ya kileleni, iliyofunika takriban kilomita za mraba 12 mwaka 1912, ilikuwa imebaki chini ya tatu kufikia mwaka 2000, ingawa maji ya mito hutokana zaidi na msitu kuliko barafu, na msitu umepoteza eneo kubwa kwa moto. Huko chini, maji hayohayo yanasubiriwa na mashamba ya miwa na bwawa la Nyumba ya Mungu, na ukoo uliochimba mfongo unatakiwa kuwa na kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani.

Mwaka 2011 FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, iliitambua Shimbwe Juu, wilaya ya Moshi Vijijini, kuwa eneo la urithi wa kilimo wenye umuhimu duniani. Mradi wa FAO huko haukuishia kwenye miche ya vanila na kahawa isiyotumia kemikali. Mifongo ilikarabatiwa, mabwawa yakaboreshwa yasivujishe maji, na samaki aina ya trauti wakafugwa kwa maji hayo.

Ukarabati hupunguza uvujaji, lakini tope haliondoki lenyewe. Vijana wengi wa familia zenye zamu wako Dar es Salaam na Arusha, na baadhi ya kaya hulipa fedha badala ya kutoa mtu wa kushika jembe. Pale ambapo hazipatikani fedha wala mikono, banio likibomoka hukaa hivyo msimu mzima, na vihamba vya mkiani mwa mfereji ndivyo vinavyotangulia kukosa maji.