Sosiete ikitaka kujenga kituo cha utafiti kijijini

Chefu anaweza kupokea wageni, lakini sahihi yake peke yake haitoshi. Kwa sheria ya 20 Julai 1973, udongo wote wa Kongo ni wa Serikali. Sosiete haiuziwi, inapewa haki ya kuutumia kwa muda usiozidi miaka 25, unaoweza kuongezwa. Sheria ya mazingira ya 9 Julai 2011 nayo inaomba madhara yachunguzwe na wakaaji wasikilizwe mbele ya kazi kuanza.

Hapo ndipo mama mwenye shamba la mihogo aulize, na jibu liandikwe: maji machafu ya maabara yataenda wapi? Njia ya kisimani itafungwa? Ujenzi ukiisha, nani atabaki na kazi, juu kubeba matofali si utafiti?